Bila Hodi

Jambo la kwanza aliloligundua Kimya lilikuwa dogo mno, kiasi kwamba angemsimulia mtu angechekwa. Aligundua kwamba mama mkwe wake alikuwa akipiga hodi mlangoni kwa mpangaji.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe mwenyewe: bati zake, misumari yake, kelele zake. Chumba cha Kimya na mumewe alikiingia kama anavyoingia jikoni. Anasukuma mlango, anafungua kabati, anachukua anachokitaka, na kama Kimya yuko katikati ya kuvaa, basi na amalize haraka. Lakini akifika mlango wa pili, kwa mpangaji ambaye si damu yake, mwanamke yule aliyezoea kuamrisha mpaka kuku wa jirani alikuwa akisimama, anaweka sawa mtandio wake, halafu anatoa sauti laini ambayo Kimya hakujua kwamba anayo.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, mama. Ingia, ingia, kiti hiki hapa."

Mwanangu! Kimya alikuwa ameolewa katika nyumba ile, amefagia ujia wake, amemkanda mama yule miguu wakati wa baridi, na jina lake bado lilikuwa "wewe".

Mpangaji alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, shingo imesimama, na watu wa mtaa walimwita Sindano. Hata Kimya halikuwa jina la kuzaliwa. Alibandikwa na mama mkwe wiki ile ile ya harusi, kwa kuwa alizungumza kama mtu anayenunua kila neno dukani. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo aliamini kwamba maneno mazuri ni mali ya watu wengine.

Sindano alikuwa nayo tele. Mume wa Kimya, fundi wa friji, alikuwa akirudi jioni na mikono yenye grisi, akikaa kula, na kabla tonge la kwanza halijashuka anaanza. "Leo Sindano kanivunja mbavu. Eti mteja kamletea kitambaa cha kutosha mkono mmoja, anataka gauni. Sindano kamwambia, 'Sawa dada, na wewe uje na kiungo kimoja.'" Anacheka mpaka anakohoa. Mama mkwe anacheka mpaka anafuta machozi. Kimya anaokota punje zilizoanguka mkekani, akijiuliza ni lini mara ya mwisho yeye alimvunja mtu mbavu.

Jambo jingine walilijua wote, na hawakulitaja. Sindano hakuwa na kitambulisho wala kibali cha kuishi. Aliletwa kutoka ng'ambo ya mpaka akiwa mtoto, mama yake akafa, karatasi hazikuwahi kuwepo. Akiona askari kwenye njia ya sokoni aligeuka, anajifanya amesahau kitu nyumbani. "Huyo amesahau vitu vingi kweli," mume wa Kimya alisema siku moja, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

* * *

Chumba cha Kimya na cha Sindano vilikuwa zamani chumba kimoja kikubwa. Mama mkwe alikigawa kwa ubao mwembamba, apate cha kupangisha. Ubao ule ulipitisha kila kitu. Na Kimya, aliyekuwa hasemi, alijifunza kusikiliza.

Aliijua hodi ya kila mtu. Wateja walipiga hodi na kusukuma mlango papo hapo. Watoto wa jirani waliimba hodi kwa pamoja. Mama mkwe tunajua alivyopiga. Na mumewe, alipopeleka suruali ikunjwe miguu, alisimama nje kabisa na kupaza sauti, "Hodi kwa fundi!" na ndani kukajibiwa, "Karibu fundi!" Wakicheka. Kimya alikisikia kicheko kile kama mtu anavyosikia panya juu ya dari: hujamwona, lakini unajua yupo.

Alijipangia mpaka ushahidi wake. Mwanamume akiwa anapiga hodi kwa mwanamke, alijiambia, bado ni mgeni. Siku atakayoingia bila hodi, siku hiyo amekuwa mwenyeji.

Basi siku ikafika. Ilikuwa alasiri, mama mkwe yuko kliniki, mume yuko kazini, au ndivyo alivyoaga. Cherehani ng'ambo ya ubao ilikuwa imenyamaza. Kimya alikuwa akikunja nguo aliposikia viatu vizito vikija ujiani. Viatu vya kazi, kama vya mumewe. Vikapita mlango wake. Vikasimama.

Kimya akaacha nguo, akaweka sikio ubaoni. Alingoja hodi. Hakikusikika kitu. Bawaba ya mlango wa Sindano ikalia, kama inavyolia siku zote, na viatu vikaingia ndani.

Aliona giza mchana. Maneno yote ambayo hakuwahi kuyanunua yakamjaa mdomoni, ya kumtoa mtu nyumbani kwa aibu. Alikuwa ameshika kitasa, anataka kutoka akayamwage, wakati sauti ya mwanamume asiyemjua iliposema ng'ambo ya ubao:

"Kitambulisho."

Sindano akapiga ukelele mfupi. Viatu vingine vikaingia kutoka uani. "Kibali kiko wapi? Fungua hilo sanduku. Fungua!"

Na moyo wa Kimya ukapoa. Ukapoa kabisa, kama chuma cha moto kilichotumbukizwa majini. Si yeye. Si mume wangu. Alikaa kitandani, akashusha pumzi, akatabasamu peke yake, huku upande wa pili vitu vinamwagwa sakafuni.

Alipochungulia, walikuwa wakimtoa. Sindano alikuwa amejifunga kitambaa kisichoshonwa kuanzia kifuani, pini zimeningʼinia. Alimtazama Kimya akasema, "Wifi, nifungie mlango."

Kimya akarudisha kichwa ndani.

* * *

Aliyekuja siku ya pili alikuwa wakili wa kike, kijana, wa ofisi ya msaada wa sheria. Alikaa sebuleni, mkoba magotini, akaeleza polepole.

"Askari wanasema walipiga hodi, akawaambia karibu, ndipo wakaingia. Sindano anasema hapakuwa na hodi wala karibu. Hawakuwa na hati ya upekuzi. Kama waliingia bila hati na bila kukaribishwa, nitaomba mahakama itupilie mbali kila walichokipata mle. Lakini bila shahidi, ni neno lake dhidi ya lao. Akishindwa, atafungwa, halafu atapelekwa mpakani. Kule hana hata mtu wa kumpokea."

"Mimi nitasema!" mama mkwe alidakia. "Andika: nilikuwepo, sikusikia hodi."

"Mama, si ulikuwa kliniki?"

"Kwani kliniki ni mbali?"

"Mama, ukidanganya utaniharibia kesi."

Mama mkwe akanuna. Mume wa Kimya akakuna kichwa. "Lakini wakili, samahani. Yule si raia. Katiba inamhusu vipi?"

"Zipo ibara zinazosema kila raia, kama ya kupiga kura. Ile haimhusu. Lakini ibara ya nyumba ya mtu inasema 'kila mtu'. Kila mtu asiingiliwe kwake bila sababu ya kisheria. Haikusema mtu mwenye kitambulisho. Mwendesha mashtaka atasema 'mtu' pale maana yake ni raia. Mimi nitasema 'mtu' maana yake ni mtu."

"Na ni nani asiyejua mtu ni nani?" mama mkwe akauliza.

"Ndilo tunalokwenda kubishania, mama."

Kimya alikuwa amesimama na sinia la chai, na wivu ukampanda upya, wa aina ambayo hakuwahi kuisikia. Kumbe hata hili! Mwanamke asiye na karatasi hata moja, na bado kuna kitabu kizima kinakwenda kusimama mlangoni kwake. Yeye Kimya alikuwa na kitambulisho, kimekunjwa kwenye leso chini ya nguo, ndani ya kabati ambalo kila mtu hulifungua. Kilikuwa kimemzuia nani asiingie? Wakili gani aliwahi kukaa sebuleni kwa ajili yake?

"Na wewe dada," wakili akamgeukia. "Nasikia ulikuwepo. Ulisikia hodi?"

Kila jicho likamwangukia. Kusema ndiyo kulikuwa uongo. Kusema hapana kungezaa swali la pili: una uhakika gani, ulikuwa unafanya nini?

"Sikuwa nasikiliza," akasema Kimya.

"Huyo?" mama mkwe akaguna. "Huyo hata radi haisikii."

* * *

Mama mkwe alimtuma kituoni na chakula. Alikipakua mwenyewe, akachagua vipande vizuri, akafunika kwa kitambaa safi. "Kisimwagike. Mwambie mwanangu ale kabla hakijapoa." Njia nzima Kimya alibeba bakuli lile kama anabeba jirani asiyemtaka.

Askari wa zamu alikifunua, akakichokoa kwa kijiko chake mwenyewe, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo akamruhusu kusogea kwenye nondo.

Sindano alikuwa amevaa gauni la kuazimwa, pana kama hema. Hata hivyo akacheka. "Umeona, wifi? Mshonaji mzima navaa hiki. Mwambie kaka asije akaniona, atanitania mpaka uzeeni."

Kaka. Kimya alisikia neno lile kama ndiyo kwanza linatamkwa. Siku zote Sindano alimwita wifi, na siku zote Kimya alilichukulia kama dharau ya mtu anayejipendekeza. Sasa, kwenye harufu ya dawa ya choo na jasho, neno likamfungukia. Anayekuita wifi anakuambia mume wako ni kaka yake. Sindano alikuwa akimwambia hivyo kila asubuhi, bure, hadharani, na yeye akapita kuweka sikio ubaoni kutafuta siri.

"Walikufanyia nini?" Kimya akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa Sindano tangu ahamie.

Sindano akaangalia kama askari anasikiliza. "Nilikuwa najipima gauni la mteja. Nimevaa gamisi tu ya ndani, wifi. Mlango nimeurudishia. Naona unafunguka, mwanamume huyo ndani. Nikavuta kitambaa nijifunike, kimejaa pini." Alionyesha mikwaruzo kifuani. "Sasa wanasema niliwaambia karibu. Mwanamke aliyevaa gamisi anamwambia mwanamume asiyemjua karibu? Hilo ndilo linaloniuma kuliko kufungwa. Wakiandika hivyo, ndivyo nilivyo, si ndiyo?"

Kimya akaikazia macho ile mikwaruzo.

"Sijakuomba kitu," Sindano akasema haraka. "Najua hukusikia. Ila mama usimwambie habari ya gamisi. Atalia."

Aliitafuna nyama ya kwanza, akafumba macho. "Hii kapika mama. Wewe unaweka chumvi vizuri zaidi."

Kimya alirudi nyumbani akiwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

* * *

Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi yasiyotosha, na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Mume wa Kimya alikaa mbele na mama yake. Majirani walikuwa wamejaa, wengine wakiwa na nguo zao kwa Sindano, hawajui zitamalizwa na nani.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu. "Mheshimiwa hakimu, tunaambiwa haki ya mshtakiwa ilivunjwa kwa sababu hakupigiwa hodi. Mimi nauliza: yeye alipoingia nchini, alimpigia nani hodi? Mtu aliyeingia nyumba kubwa bila hodi anaidai vipi hodi kwenye chumba kidogo?"

Watu wakacheka. Hata karani alicheka, akainamia meza. Mume wa Kimya naye midomo ilimcheza kabla hajaizuia.

Sindano akainua mkono kama mwanafunzi. Hakimu akampa ruhusa.

"Nilivuka nikiwa mgongoni kwa mama yangu," akasema. "Sikuwa nimeanza kusema. Ningepiga hodi vipi?"

Kicheko kikafa. Wakili akasimama. "Mheshimiwa, nina shahidi mmoja."

Kimya alikuwa amemfuata wakili asubuhi ile ile, uani mwa mahakama, akamwambia, "Nilisikia. Niulize." Hakuwaambia wa nyumbani. Sasa alitembea kuelekea kizimbani huku mama mkwe akisema kwa sauti, "Huyu anakwenda wapi?"

Akaapa. Akasema alikuwa chumbani kwake, ukuta ni ubao, alisikia viatu, akasikia bawaba, akasikia neno "kitambulisho". Hodi hakuisikia. Neno "karibu" hakulisikia. Akakiri kwamba mwanzo alimwambia wakili hakuwa anasikiliza.

Mwendesha mashtaka akainuka akitabasamu. "Wewe ndiye unaitwa Kimya?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia wakili huyu kwamba hukuwa unasikiliza. Leo umesikia mpaka bawaba. Nani kakupikia haya maneno?"

"Hakuna."

"Ulikuwa unafanya kazi za ndani, sivyo? Kukunja nguo, kufagia. Mtu kwenye kazi zake anaweza kupitwa na hodi. Kweli si kweli?"

"Nilikuwa nimeacha kazi."

"Ukifanya nini?"

"Nimeweka sikio ukutani."

Mabenchi yakanong'ona. Mtu mmoja akasema "Loh!" Mwendesha mashtaka alisogea, amenusa kitu. "Na kwa nini, mama, uweke sikio kwenye ukuta wa jirani?"

Kimya alitazama sakafu. Sakafu haikuwa na msaada.

"Jibu, shahidi," hakimu akasema, si kwa ukali.

"Nilidhani ni mume wangu."

Kicheko kilichopasuka pale kilimfanya karani agonge meza. Kimya aliyaona mabega ya mumewe yakishuka, na mama mkwe akijifunika uso kwa mtandio. Akatamani feni imwangukie. Lakini alikuwa amekwisha fungua mdomo, na akagundua kwamba kuufunga sasa ni kazi kubwa kuliko kuendelea.

"Nilisikia viatu vikipita mlango wangu vikaingia kwake bila hodi," akasema, na sauti yake ikatetemeka lakini ikatoka. "Mume wangu hupiga hodi pale. Nikasema leo hajapiga, basi yametimia. Mimi nilikuwa namwonea wivu huyu dada. Namwonea wivu mama anavyomwita, mume wangu anavyocheka naye, hata ufundi wa mkono wake. Mheshimiwa, ile hodi niliitaka kuliko kitu chochote. Niliingoja. Ingepigwa, hata kwa kunong'ona, ningeisikia mimi kabla yake. Haikupigwa."

Mwendesha mashtaka akatazama karatasi zake, akakaa.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alisema kwamba mahakama imesikia mashahidi wengi waliokuwepo mahali kwa bahati, lakini ni nadra kumpata aliyekuwa akisikiliza kwa bidii namna ile. Akasema hodi haikupigwa. Akasema mshtakiwa kuishi bila kibali ni jambo moja, na mlango wake ni jambo jingine. "Ibara imeandikwa 'kila mtu'. Waliotaka kuandika raia waliandika raia, na wanajua kuandika. Sina ruhusa ya kulifupisha neno hilo ili limtoshe ninayemtaka."

Vilivyopatikana chumbani vikatupiliwa mbali, na kesi ikafa pale. Wakili akamshika Sindano mkono, akamnong'oneza kwamba hili si kibali. Kibali ni safari nyingine, ya foleni na maombi na kuripoti kwa maafisa, na huenda wakakataa. Sindano akaitikia kwa kichwa, bado anatazama mlango kama mtu asiyeamini kwamba uko wazi.

* * *

Njiani kurudi mume wa Kimya alitangulia mbele peke yake. Karibu na nyumbani akasimama akamngoja. "Mtaa mzima sasa unajua mke wangu ananilinda kwa sikio," akasema. Alijaribu kukasirika, lakini kitu fulani usoni kilikuwa kimefurahi, naye aliona aibu nacho. "Si ungeniuliza tu?"

"Ungenijibu unacheka."

Akageuka, akaendelea na njia.

Mama mkwe alikuwa na mengi ya kusema. "Umetuvua nguo mbele za watu! Mambo ya ndani, ya ndani kabisa!" Halafu, baada ya hatua chache, "Kumbe una mdomo, wewe."

Sindano alipita kumshukuru jioni, jua halijazama, akiwa amevaa nguo yake mwenyewe. Alisimama nje ya mlango wa Kimya, akapiga hodi, akangoja mpaka akakaribishwa.

"Wifi, ni kweli ulidhani ni kaka?"

Kimya akainamisha uso.

"Yule?" Sindano akashika kiuno. "Ubao huo unapitisha pande zote mbili, ujue. Ninamsikia anavyokoroma. Mungu akupe subira."

Kimya alicheka mpaka akakaa chini. Wivu haukuisha siku ile. Mama mkwe alipoita "mwanangu" ujiani ulimchoma palepale ulipozoea. Lakini ulimchoma akiwa anacheka.

Asubuhi cherehani ilikuwa imeanza tena ng'ambo ya ubao. Kimya alikuwa amesimama mbele ya kabati, gauni ameliinua hadi mabegani, mikono bado haijapata njia, aliposikia kandambili za mama mkwe ujiani. Zikapita kwa Sindano. Zikarudi. Mlango wake ukasukumwa, na mama mkwe akaingia akizungumza, kuhusu mkasi, nani kauchukua, nyumba hii vitu havikai, mkono wake tayari uko kwenye kabati, umepita juu ya bega la Kimya lililo wazi kama unapita juu ya kiti.

Kimya alilivuta gauni mpaka chini. Akalinyoosha. Ng'ambo ya ubao cherehani ikasimama.

"Mama," akasema, "hujapiga hodi."